Anakula Lakini Hanenepi: Vimeng'enya vya Kongosho na Suala la Nguruwe



Hapa Kings Heath nimeulizwa zaidi ya mara moja na Waswahili wenzetu: inakuwaje mtoto anakula kuliko wenzake lakini mwili hauongezeki? Kwetu jibu huwa minyoo, utapiamlo, au jicho la watu. Lakini yapo maradhi mengine, sistiki faibrosisi, ambayo eti ni ya Wazungu tu. Si kweli. Waasia, Waarabu na Waafrika wanayo pia, ila ni nadra zaidi, na kwetu ni wachache wanaoyatafuta. Uingereza nzima, tangu 2007, watoto wachanga hupimwa kwa tone la damu ya kisigino.

Mimi ni mtu wa baiokemia, si tabibu, kwa hiyo nieleze upande wangu. Kasoro iko kwenye jeni iitwayo CFTR, iliyotambuliwa 1989, na mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili. Jeni hiyo ikiharibika, chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye seli, na ute wa mwili unakuwa mzito kama gundi. Mapafuni huleta maambukizi. Kwenye kongosho huziba vijia, basi vimeng'enya vya kusaga chakula havifiki utumboni. Kinachopotea zaidi ni mafuta: choo kinakuwa kingi, kinang'aa na kunuka kupita kiasi. Vitamini A, D, E na K nazo zinakwenda na maji.

Tiba ni kumpa mgonjwa vimeng'enya vyenyewe kwa kapsuli. Ndani mna chembe zilizovikwa ganda linalostahimili asidi ya tumbo, likaja kuyeyuka kwenye utumbo mdogo. Ndiyo maana hazitafunwi wala hazisagwi. Mtoto mdogo hufunguliwa kapsuli, akapewa chembe kwenye kijiko cha tofaa lililopondwa. Humezwa pamoja na chakula, si saa mbili baadaye, maana dawa na mafuta lazima visafiri pamoja. Wali wa nazi na sambusa huhitaji kapsuli. Chungwa au chai ya rangi haihitaji hata moja. Lakini jamani, msijiongezee ovyo. Mwaka 1994 madaktari wa Liverpool waliripoti watoto waliobanwa utumbo mpana baada ya kutumia kapsuli kali mno. Kikomo kinachofuatwa ni uniti 10,000 za lipesi kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Sasa lile linalowatatiza wengi. Vimeng'enya hivi hutokana na kongosho la nguruwe, na hapa Uingereza hakuna vingine vilivyoidhinishwa. Mama mmoja wa Mombasa alipojua hivyo aliziacha kimya kimya, akamzidishia mtoto maziwa na samli. Kumbe samli bila lipesi ni maji kwenye pakacha. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Hapa anayevujiwa ni mtoto.

Mimi si shehe, ila suala la dharura mnalijua, na aya ya 173 ya Al-Baqara mnaijua. Mwulizeni shehe, mwambieni na daktari wazi kinachowatia shaka. Lakini kapsuli zisisimame wakati mnasubiri jibu, kwani mtoto hukua kila siku au hakui.

Nawasilisha.