Cheo ni dhamana: somo nililolipata kwenye imihigo

Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tulikua tukisikia kwamba cheo ni dhamana. Niliporejea Rwanda na kushika chaki, msemo huo nilikuwa nao mdomoni tu. Maana yake nimeipata hapa Gikundamvura, wilayani Rusizi, tena baada ya kukosa cheo.

Ndugu msomaji, mtumishi wa umma nchini hupimwa kwa imihigo, yaani ahadi za kazi anazotia saini na kuzitolea hesabu mwisho wa mwaka. Jina hilo limetokana na desturi ya kale ya kuweka nadhiri hadharani. Mwaka 2006 mameya wa wilaya walianza kutia saini mbele ya Rais, kisha utaratibu ukashuka hadi kwa mtumishi mmoja mmoja. Lakini wengi wetu huijaza fomu ile kama karatasi ya forodha: bora ipite.

Nami nilikuwa hivyo. Niliahidi kwamba hakuna mtoto wa darasa langu atakayeacha shule. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Wazazi waliozoea kuvuka Ruhwa na bidhaa wakakosa soko, na baadhi ya watoto wakaanza kutoonekana darasani. Mimi nikakaa kimya, nikitumaini mambo yatatengemaa.

Juni ilipofika alama zangu zilikuwa mbaya. Unaibu mkuu wa shule niliokuwa nikiutamani akapewa mwalimu mwenzangu, dada niliyemzidi miaka kumi. Nilinung'unika sana. Nikasema maneno ambayo sisi tuliorejea huyasema upesi: hatuna ndugu ofisini.

Siku moja dada huyo akanionyesha daftari lake. Hakuahidi kuzuia utoro. Aliahidi kutembelea nyumba tatu kila wiki. Kila ziara ilikuwa na tarehe, neno la mzazi na hatua iliyochukuliwa. Aliposhindwa aliandika ameshindwa, akamwarifu mkuu wa shule wiki hiyohiyo. Tatizo la darasa lake mkuu alilijua tangu Januari. La kwangu alilisikia siku ya kupimwa.

Niliona haya. Yule dada alikuwa akiongoza kabla hajaitwa kiongozi.

Wafanyabiashara wa mpakani mnalifahamu jambo hili kuliko sisi walimu. Mteja humvumilia aliyempigia simu mapema kwamba mzigo umekwama, lakini aliyemficha hamrudii tena. Ofisi ya umma nayo ni hivyohivyo. Ahidi lililo ndani ya uwezo wako, liandike, na likiharibika sema mapema.

Wapo watakaosema kinachotakiwa ni mshahara. Ni kweli una nafasi yake. Agosti 2022 serikali iliwaongezea walimu wa msingi wenye cheti cha A2 asilimia 88, nasi tulifurahi. Lakini nyongeza ile haikumuuliza mtu anafanyaje kazi yake. Kuaminiwa uongozi ni jambo jingine. Hilo huulizwa kila siku.

Sasa imihigo yangu ni midogo: nyumba mbili kwa wiki, kwa miguu, daftari mkononi. Cheo sijapata. Ila watoto wawili niliokuwa nimeshawakatia tamaa wamerudi darasani, na mkuu wa shule anawajua kwa majina.