Matokeo bila historia ya mgonjwa ni nusu ya matokeo

Kuko jambo tunaloliona kila siku kwenye hospitali zetu na hatulizungumzi: fishi za mgonjwa hazitembei pamoja naye.

Mama mdogo wangu alifanyiwa biopsi ya titi. Kipande cha nyama kiliwekwa katika formoli, kikatumwa labo na karatasi yenye jina lake na neno moja: « uvimbe ». Basi. Daktari wa patolojia hakuambiwa umri, wala uvimbe ulianza lini, wala kwamba biopsi ya kwanza ilifanywa miaka miwili mbele katika hospitali ingine. Akaomba ile ya zamani ili alinganishe. Haikupatikana. Tulilipa tena, tukangoja tena, na uvimbe haukutungoja.

Juu ya nini historia ni ya lazima? Kwa sababu mikroskopi haioni yote. Titi la mama mwenye kunyonyesha linabadilika sana, na chembe zilizopigwa miali ya matibabu zinaweza kufanana na za kansa. Mwenye hajui hayo anaweza kukosea, hata kama ni mtaalamu.

Wengine watasema: lakini wizara iko na DHIS2! Ni kweli, na inasaidia. Lakini kazi yake kubwa kwetu ni kuhesabu: wagonjwa wangapi wa malaria katika zone fulani. Haimfuati mama mmoja kutoka hospitali hadi labo.

Tuliona faida ya kuunganisha kule Kamituga. Kuanzia mwisho wa 2023, habari za wagonjwa wa mpox na sampuli zao zilichunguzwa pamoja. Kumbe virusi vilikosa kipande cha jeni ambacho kipimo kimoja cha kawaida kilikuwa kinatafuta! Ndiyo ile aina tunayoita leo Ib. Kila mmoja angefungia karatasi zake kabatini, tungechelewa zaidi.

Kushirikiana data si kutupa picha za mgonjwa kwenye WhatsApp, hapana. Ni namba moja ya mgonjwa, ruhusa yake, na kuonwa na wenye kumtunza tu. Sheria ya dijitali ya 2023 inalinda data za mtu.

Wakati tunangoja mitambo, sisi tunaofanya kazi hospitalini tuanze na ile karatasi: umri, mahali pa uvimbe, ulianza lini, matibabu, biopsi za mbele. Ni dakika tano, ao hata chini. Na wewe mwenye mgonjwa, omba kopi ya kila matokeo, uitunze.

Tuko pamoja.