Nani Anabeba Mzigo wa Jeshi?



Wengi wetu tukisikia neno "askari", tunafikiri mara moja mtu wa bunduki. Lakini ule mtu wa bunduki anakula, anakunywa, na gari lake linataka esansi. Nani anamletea? Hapa internat pia, zamu ya maji ikikosa, jioni hakuna bugali. Tunapenda kueleza hii kazi kwa mfano wa brigadi za akiba za ugavi katika jeshi la Marekani.

Kwanza, maana ya akiba. Askari wa akiba si askari wa kila siku. Ni mwalimu, fundi wa magari ao dereva wa kamiyo. Kwa desturi anafanya mazoezi siku mbili kila mwezi, mwisho wa juma, na tena majuma mawili hivi kila mwaka. Siku zingine iko kwa kazi yake. Vita ikija, serikali inamwita. Hivi serikali hailishi watu wengi bure wakati wa amani, na fundi anakuja na ufundi wake.

Pili, mpango. Kolonele njo anaongoza brigadi. Chini yake kuko mabatayo, na chini ya kila batayo kuko makompani yenye makapitene. Kompani moja inasafirisha mizigo kwa makamiyo, moja inagawa esansi, ingine inasafisha maji, ingine inatengeneza vyombo vilivyoharibika. Hesabu ya mabatayo si moja siku zote: brigadi inapewa yale yanayofaa kazi iliyo mbele.

Tatu, tusidhani kwamba wanaokaa nyuma wako salama. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, kikosi kidogo cha akiba cha kusafisha maji kilitoka Greensburg, jimbo la Pennsylvania, kikaenda Saudi Arabia. Kilipomaliza siku sita tu, tarehe 25 Februari, kombora la Irak liliangukia nyumba walimolala, huko Dhahran. Askari 28 walikufa, na 13 kati yao walikuwa wa kikosi kile cha maji.

Na jeshi likikosa makamiyo na njia? Tunajua jibu kwetu. Mwaka 1916, Force Publique ikienda kutwaa Tabora, mizigo mingi ilipita juu ya vichwa vya watu wa vijiji, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Njaa, uchovu na kuhara viliua wengi njiani. Tabora ilitwaliwa tarehe 19 Septemba. Vitabu vinataja jenerali Tombeur. Wabebaji hawatajwi majina.

Basi, mzigo wa vita haupotei. Usipopangiwa watu wake, unamwangukia raia. Mtu akitusifia vita, tumwulize kwanza: chakula kitatoka wapi, na ni nani atakayekibeba?