Mzazi, uliza kabla ya kulipia kozi ya mitandao

Ukipita katika mitaa mingi ya Dar es Salaam siku hizi, hukosi kuona karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya daladala, zikiwaita vijana wajiunge na kozi za kompyuta. Miongoni mwazo zimo kozi za utaalamu wa mitandao ya kompyuta, na aghalabu mhitimu huahidiwa cheti cha kimataifa katika miezi michache, na kazi juu yake. Ni maneno matamu. Lakini mzazi hana budi kuuliza: ni cheti gani, kinatolewa na nani, na mwanangu atakuwa anajua kufanya nini siku atakapokishika?

Nyumbani kwetu swali hilo hatukuliuliza. Mwaka 2021 mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alivutiwa na tangazo la aina hiyo. Mama aliuza cherehani yake, chombo kilichotusomesha sote, akalipa ada ya miezi minne. Binti alirudi na cheti chenye mhuri mwekundu. Alipoitwa kwenye usaili, mwajiri hakukitazama sana cheti chenyewe. Alimwekea mezani ruta moja, swichi moja na kompyuta mbili, akamtaka aziunganishe ziwasiliane. Mdogo wangu alitoka mle chumbani akilia, kwa maana katika miezi yote minne hakuwahi kuishika ruta kwa mikono yake.

Si ajabu wazazi wengi tukadanganyika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa, chombo hicho kilibaki kigeni kwa familia nyingi kwa muda mrefu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, na tangu hapo intaneti imeingia katika benki, hospitali na maduka. Kazi zimekuja upesi kuliko uwezo wetu wa kuzipima.

VYETI SI VYA AINA MOJA

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutotofautisha cheti cha chuo na cheti cha taaluma. Cheti cha chuo huonyesha kwamba mwanafunzi alihudhuria masomo. Cheti cha taaluma hutolewa na kampuni au shirika lililotunga mtihani wenyewe, nao mtihani hufanywa chini ya usimamizi, bila kujali mtahiniwa alisomea wapi.

Kinachotajwa sana katika kazi za mitandao ni CCNA, cheti cha kampuni ya Cisco ya Marekani, kilichoanza kutolewa mwaka 1998. Kipo pia Network+ cha shirika la CompTIA, ambacho hakiegemei vifaa vya kampuni moja. Maswali yake hayazidi 90, nayo hujibiwa kwa dakika 90. Vyeti vyote viwili hudumu kwa miaka mitatu, kisha mwenye cheti hutakiwa kukihuisha. Hakuna hata kimoja kinachomdai mtahiniwa shahada ya chuo kikuu. Kijana ambaye ni mgeni kabisa wa kompyuta aweza kuanza na Network+ ili ajenge msingi. Yule anayekusudia kuziendesha ruta na swichi zenyewe, CCNA itamfaa zaidi.

Kosa la pili lilihusu fedha. Tulidhani ada ya chuo ndiyo mwisho wa gharama. Kumbe ada ya mtihani hulipwa mbali, nayo si ndogo: mtihani wa CCNA ulioanza mwaka 2020 uliwekewa ada ya dola 300 za Kimarekani. Akishindwa, hulipa upya. Mzazi na apange fedha hizo tangu mwanzo.

Kosa la tatu ni namba ya mtihani. Februari 2020 Cisco ilifuta mitihani yake ya zamani ya CCNA na kuweka mmoja, wenye namba 200-301. Chuo tulichokilipa mwaka uliofuata kilikuwa bado kinafundishia vitabu vya mtihani uliokwisha kufutwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, muulize mwalimu namba ya mtihani anaofundishia, kisha uilinganishe na ile iliyotangazwa na wenye mtihani.

KAZI YA MIKONO NA AKILI

Yafaa ieleweke kwamba kazi hii ni ufundi. Fundi wa mitandao huvua ganda la kebo, akazipanga nyaya zake nane kwa mpangilio wa rangi, akazibana katika plagi kwa koleo maalumu. Hujua kwamba kebo ya kawaida ya shaba haipaswi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Hujua kugawa anwani: fungu moja la anwani 256, kwa mfano, huwa na 254 tu za kupewa vifaa. Mambo haya hayaingii kichwani kwa kusikiliza hotuba. Chuo kisicho na ruta na swichi za kufanyia mazoezi hakifai kulipwa ada.

Wapo wazazi wanaodhani ufundi huu ni wa wavulana. Wakumbuke kwamba Cisco yenyewe ilianzishwa mwaka 1984 na Leonard Bosack pamoja na mwanamke, Sandy Lerner. Wakumbuke pia kwamba swichi zikiunganishwa kwa njia zaidi ya moja, ujumbe waweza kuzunguka bila kikomo mpaka mtandao wote ukakwama. Kanuni ya kuzuia balaa hiyo ilibuniwa mwaka 1985 na mwanamke, Radia Perlman wa Marekani.

Kwa asiye na uwezo wa kununua vifaa, iko programu iitwayo Packet Tracer, inayotolewa bure na Cisco kwa wanafunzi. Humo mtu huchora mtandao wake, akaziamuru ruta kana kwamba ziko mbele yake. Mdogo wangu aliianza upya safari yake hapo, usiku baada ya usiku, kwa kompyuta ya kuazima.

Jambo moja alilikataa, nami namsifu kwalo. Rafiki alimletea maswali yanayodaiwa kuibwa katika mtihani, pamoja na majibu yake, ayakariri. Mbali ya kuwa ni udanganyifu, anayebainika hunyang'anywa cheti na kuzuiwa kufanya mitihani. Hata asipobainika, siku ya kuwekewa ruta mezani atakuwa pale pale mdogo wangu alipokuwa mara ya kwanza.

KUANZA KAZI

Mwenye cheti asitazamie kuanza kwa kukabidhiwa mtandao wa benki. Wengi huanza kwa kuvuta kebo, kupanda ngazi, na kuwasaidia wafanyakazi ambao mashine zao zimegoma. Huko ndiko mtu hujifunza kusikiliza shida, kutafuta chanzo chake hatua kwa hatua, na kuandika alichokifanya ili atakayekuja baadaye asipotee. Mdogo wangu aliomba kujitolea katika kikundi cha mafundi wanaofunga mitandao maofisini. Kwa miezi sita alipewa nauli tu. Mwezi wa saba wakaanza kumlipa. Kwa akiba yake mwenyewe alifanya mtihani wa CCNA, akashindwa mara ya kwanza, akafaulu ya pili.

Leo anafanya kazi. Hata hivyo cherehani ya mama haijarudi. Anashonea ya jirani, saa ambazo mwenyewe haitumii. Binti anaweka fedha kila mwezi kwa ajili hiyo, naye mama humwambia asiharakishe.

Ndugu mzazi, elimu ni urithi mwema, na si vyuo vyote vinavyodanganya. Lakini kabla hujauza chombo chako cha kazi, nenda chuoni mwenyewe. Omba uonyeshwe chumba cha mazoezi. Zungumza na waliohitimu mwaka jana, uwaulize wako wapi leo. Atakayeudhika kwa maswali hayo, muage kwa heshima, urudi nyumbani na fedha zako.