Kisima cha Sadaka: Maji Maangavu Yanaweza Kuua Seli

Familia nyingi huku Ghuba huchanga pesa kuchimba kisima nyumbani, Unguja, Pemba au Mombasa, iwe sadaka jaria ya wazee waliotangulia. Kheri kubwa. Lakini maji yakitoka maangavu, watu hushangilia na kazi ikaishia hapo. Macho hayaoni sumu.

Bangladesh waliyapata hayo. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi ili watu waepukane na maji ya madimbwi yanayoleta kuharisha. Mwaka 1993 ikagundulikana kuwa ndani ya visima mna aseniki, sumu inayotoka ardhini kwenyewe.

Sasa sumu usiyoiona utaijuaje? Njia ya kawaida ni kupima kemikali moja moja: aseniki, risasi, naitreti. Ni njia nzuri, ila hujibu kile ulichokiuliza tu. Dawa ya wadudu usiyoitafuta huioni. Tena sumu ndogo ndogo zikichanganyika, madhara yake huweza kujumlishana.

Ndiyo maana wataalamu huziuliza seli za binadamu zenyewe. Hutumia sana seli za ini, maana ini ndilo linaloshughulika na sumu mwilini. Aina moja mashuhuri, HepG2, ilitoka kwenye uvimbe wa saratani wa kijana wa Argentina wa miaka 15, na hadi leo inakuzwa maabara.

Seli hupandwa kwenye kisahani chenye vishimo 96, kwa joto la digrii 37 kama la mwili. Maji huchujwa vijidudu, kisha hutiwa kwa viwango tofauti. Vishimo vingine havitiwi maji hayo, viwe vya kulinganishia. Baada ya saa 24, kwa mfano, hutiwa MTT, dawa ya manjano. Njia hii ilielezwa na Tim Mosmann mwaka 1983. Seli hai huigeuza zambarau, iliyokufa haiwezi. Rangi ikififia, jua seli zimeathirika.

Hata hivyo seli haitaji jina la sumu, wala kisahani si mtu mzima mwenye figo na damu. Kwa hiyo vipimo viwili hivi husaidiana.

Kwa kisima chako, kipimo cha seli ni kazi ya watafiti. Wewe anza na vijidudu na kemikali. Shirika la Afya Duniani linataka aseniki isizidi maikrogramu 10 kwa lita, na naitreti miligramu 50. Naitreti ikizidi ni khatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Na usitegemee kuchemsha peke yake. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini aseniki, risasi na naitreti haziondoki na mvuke. Maji hupungua, sumu inabaki palepale na kuzidi ukali.

Basi mkichanga, gharama ya kupima muitie kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na pampu na mabomba.