Mtandao Unapozorota: Tupime Kabla ya Kulaumu

Imekuwa ni ada katika majumba yetu: intaneti ikizorota, baba humtuhumu kijana kwamba amemaliza kifurushi kwa kutazama mpira, kijana huilaumu kampuni, na kampuni ikipigiwa simu hujibu kuwa kwao hapana kasoro. Mwisho wake hutolewa fedha ya kununua kasi kubwa zaidi, na uzito ukabaki vile vile. Dawa imetolewa, na ugonjwa haujajulikana.

Yatupasa tujue kwamba njia itokayo kwenye kompyuta yetu hadi kwenye seva, yaani ile mashine ya mbali ihifadhiyo tunachokitafuta, ina vipande vinne. Cha kwanza ni hewani, baina ya kompyuta na ruta ya nyumbani. Cha pili ni kutoka ruta hadi kampuni. Cha tatu ni safari ndefu ya nchi kavu na chini ya bahari. Cha nne ni seva yenyewe. Basi kila kipande na kipimwe peke yake.

Kipimo hicho kimo katika kompyuta za kawaida, nacho ni programu iitwayo ping, aliyoitunga Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983. Hutuma ujumbe mdogo, hungoja jibu, na huhesabu muda kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Tuanze karibu: tuandike ping na nambari ya ruta, ambayo mara nyingi huwa imeandikwa mgongoni mwake. Majibu yakirudi yote kwa milisekunde chache, nyumba haina kosa. Mengine yakipotea, au muda ukipanda na kushuka, tuunge kompyuta na ruta kwa waya, tupime tena. Ikiwa kwa waya mambo ni sawa, basi ugonjwa ni wa hewani. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini huzuiwa upesi na kuta nene. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi, lakini husongwa na ruta za majirani, hata na jiko la maikrowevu. Ruta ihamishiwe katikati ya nyumba, mahali pa juu.

Nyumba ikiwa salama, tuipime seva. Programu ya traceroute hutuonyesha vituo vya njiani kimoja kimoja. Lakini tahadhari: kituo kisichojibu si lazima kiwe kibovu, kwani vingi vimeamriwa visijibu. Upotevu wenye maana ni ule uanziao kituoni na kuendelea hadi mwisho.

Tena umbali nao una haki yake. Mwanga ndani ya kebo hukata kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva iliyo mbali kilomita 10,000 za kebo haiwezi kujibu chini ya milisekunde 100, hata tukinunua kifurushi cha ghali kuliko vyote.

Na ziko siku ambazo kosa ni la baharini. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwa mojawapo, na shughuli nyingi zikageuzwa kupitia kusini. Kisha Jumapili tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy zikakatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na jirani zao wakapata taabu kubwa. Siku ile, aliyezima na kuwasha ruta yake mara kumi alijichosha bure.

Basi shauri letu kwa vijana ni hili: wekeni daftari. Pimeni asubuhi, adhuhuri na usiku, mwandike saa na nambari mlizopata. Uzito wa usiku peke yake, ruta ikijibu vyema, huelekea kuonyesha msongamano nje ya nyumba. Mkiipelekea kampuni maandishi hayo, itakuwa vigumu kuwajibu kwa neno moja. Na mzazi naye atakuwa na hoja mbele yake kabla hajamtia mwanawe hatiani.