Diski Hajalala Bado

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Na wewe wa mlangoni ingia, nafasi ipo.

Leo nimeletewa swali, na nimelipenda tangu nilipolisikia. "Mjomba, king'amuzi chetu cha kurekodi tukiache kimewashwa muda wote, au tukizime tukienda kulala?" Hongera sana aliyeuliza! Watu wazima wanakipita kile kisanduku kila usiku wakielekea kitandani, wala hawajiulizi. Nyumba nyingine wanagombana kabisa. Baba anasema zima, umeme unakwisha. Dada anasema usizime, tamthilia yangu haitarekodiwa. Baba ana hoja. Dada naye ana hoja. Sasa tumuulize nani? Tumuulize mwenyewe aliyemo ndani.

Ndani kuna nani? Kuna Diski. Siyo kila king'amuzi kina Diski, jamani. King'amuzi cha kawaida hupokea picha, huionyesha, basi. Cha kurekodi ndicho chenye Diski, na Diski ndiye anayekumbuka. Vifaa vya namna hii vilianza kuingia sebuleni kwa watu huko Marekani mwaka 1999, na kimojawapo kiliitwa TiVo. Huku kwetu wengi tumevijua kupitia DStv, waliotoa Explora yao mwaka 2013. Usiku nyumba ikitulia, sogeza sikio. Utasikia mvumo mwembamba. Huyo ndiye Diski. Tumsikilize.

"Hamjambo, watoto? Mimi ni Diski. Nina sahani nyembamba zinazong'aa, na kazi yangu ni kuzunguka. Nazunguka, nazunguka, nazunguka. Diski wengi wa rika langu huzunguka mara 5400 kwa dakika moja. Gawanya kwa 60, utapata mara 90. Yaani ukitamka 'moja', mimi nimeshamaliza mizunguko 90. Juu ya sahani zangu kuna mkono mwembamba, na kwenye ncha yake kuna kichwa kidogo. Kichwa hicho ndicho kinachoandika na kusoma. Hakigusi sahani hata kidogo. Kinaelea juu ya upepo ninaoutengeneza mwenyewe kwa kuzunguka."

Diski, kinaelea juu kiasi gani?

"Nanomita chache tu, mwanangu. Chukua milimita moja, ikate vipande milioni moja. Kipande kimoja ndiyo nanomita. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Kwangu mimi unywele ni mlima! Ndiyo maana nawaomba, msinihamishe nikiwa nazunguka. Mkinigonga, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena."

Mmesikia? Sasa mwingine ananyoosha mkono. Uliza tu, kipenzi. "Mjomba, kama hatujamwambia arekodi kitu, anazunguka wa nini usiku kucha?"

Ah, hapo umegusa penyewe! Jibu, Diski.

"Mkiniacha nimewashwa, mimi naandika. Chaneli mliyoiacha naiandika yote, hata kama hakuna aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Unakumbuka siku ile uliposimamisha katuni ukakimbilia chooni, ukarudi ukaiendeleza palepale? Uliweza kwa sababu nilikuwa nimeshaiandika. Basi usiku ni vivyo hivyo. Nyinyi mmelala, mimi naandika. Mtangazaji anasoma habari, mimi naandika. Tangazo la sabuni linapita, mimi naandika. Nafasi ikijaa, nafuta ya zamani naandika mpya. Na asubuhi hakuna hata mmoja anayekuja kuyatazama niliyoandika."

Maskini Diski! Kazi yote hiyo, na hakuna aliyeihitaji.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mmeshamwona bibi na jiko lake la mkaa. Jioni anapika, mkaa umekolea, chungu kinachemka. Wakishakula, bibi hauachi moto uwake hivyo hivyo hadi asubuhi, maana mkaa utakwisha bure. Wala haumwagii maji. Anafanya nini? Anaufunika kwa majivu. Usiku moto umejificha chini, umetulia, unakula mkaa kidogo sana. Alfajiri bibi anafukua, anapuliza mara mbili tatu, chai inawekwa. King'amuzi nacho kina hali hizo tatu. Kukiacha kimewashwa ni kuuacha moto uwake bila chungu. Kuchomoa waya ukutani ni kumwagia maji. Na kubonyeza kile kitufe cha kuzimia kwenye rimoti ni kufunika majivu. Kitufe hicho hakizimi kabisa. Kinapumzisha.

"Kwa hiyo, Mjomba, kikipumzishwa hakili umeme?"

Kinakula, mwanangu. Kinakula, ila kiasi gani? Hapo ving'amuzi havilingani. Kimoja kikipumzishwa humsimamisha Diski, mvumo ukakatika. Kingine, hasa cha zamani, huzima taa ya mbele tu, na huko ndani Diski anaendelea kuzunguka kama kawaida. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Marekani, Natural Resources Defense Council, lilivipima visanduku vya namna hii. Likakuta theluthi mbili za umeme wake huenda wakati hakuna anayetazama wala kinachorekodiwa. Theluthi mbili! Majivu yalikuwa membamba mno.

Chenu je? Kipimeni. Kwanza, kipumzisheni, msubiri saa moja, kisha mtu aweke kiganja ubavuni mwake. Kama bado kina joto lile lile la wakati wa kutazama, jueni hakijapumzika. Pili, kama mita yenu ya LUKU au ya tokeni iko mahali mnapoiona, kuna taa ndogo inayowaka na kuzimika. Karibu nayo pameandikwa imp/kWh na namba. Tuseme namba ni 1000. Maana yake, taa ikiwaka mara 1000, uniti moja imekwenda. Mwombeni baba au mama azime vitu vingine vyote kwa muda mfupi, friji likiwemo, kibaki king'amuzi peke yake. Swichi aziguse mkubwa, nyinyi shikeni saa. King'amuzi kinachokula wati 20 kitaiwasha taa mara moja kila dakika tatu. Kikipumzika sawasawa, kikala wati moja tu, mtasubiri saa nzima kuiona ikiwaka mara moja.

Sasa fanyeni hesabu. Wati 20 kwa saa 24 ni wati-saa 480, karibu nusu uniti kila siku. Kwa siku 30 ni zaidi ya uniti 14. Wati moja kwa siku 30 haifiki hata uniti moja. Kwa hiyo baba hakukosea alipolalamika.

Lakini na dada ana haki yake. King'amuzi kilichochomolewa hakijui saa, hakiamki, hakirekodi. Kilichopumzishwa kinaamka chenyewe saa ya kipindi ikifika, kinaandika, kinalala tena. Usiku pia ndipo kinapopokea ratiba ya vipindi na marekebisho ya programu yake kutoka kwenye setilaiti. Ukikichomoa kila usiku, asubuhi utakikuta kinahangaika kutafuta ratiba, na watoto wamekaa mbele ya kioo wakisubiri.

Naona yule pale ana swali gumu usoni. Liseme, usiogope. "Mjomba, fundi mmoja alisema kuzima na kuwasha kunamchosha Diski, afadhali asizimwe kamwe."

Fundi ana chembe ya ukweli. Kuanza kuzunguka ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa Diski, na ndipo anapovuta umeme mwingi zaidi. Ila watengenezaji wanalijua hilo. Diski wa kawaida hutengenezwa aweze kuanza na kusimama maelfu kwa maelfu ya mara. Ukimlaza mara moja kila usiku kwa miaka 10, ni mara 3650. Hizo anazimudu. Kumlaza hakumuui.

Basi kinachomuumiza ni nini? Diski, sema mwenyewe.

"Cha kwanza, kukatiwa umeme ghafla nikiwa naandika. Nikikatiwa, natumia nguvu ya mzunguko wangu wa mwisho kupata umeme kidogo, nakirudisha kichwa mahali pake salama. Kichwa kinapona. Lakini niliyokuwa nayaandika yanabaki nusu, na pengine hata orodha ya vipindi vyenu inavurugika. Cha pili, umeme unaporudi ukiwa unarukaruka. Cha tatu ni joto. Jamani, joto! Na cha nne nakitaja kwa heshima, nisimkosee mama. Ni kitambaa."

Kitambaa! Mnakijua. Kile cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, ambacho mama au shangazi alikifuma kwa mkono wiki nzima. Kinapendeza, na mimi nakipenda. Lakini tazameni juu ya king'amuzi na ubavuni mwake. Kuna matundu madogo yamepangwa mistari. Kupitia hayo hewa ya moto hutoka. Kitambaa kikiyafunika, joto la Diski linabaki ndani, na juu yake linaongezeka joto la Dar es Salaam au Mombasa la mwezi Februari. Diski wengi wamewekewa kikomo cha nyuzi joto kama 60. Wakikaa karibu na kikomo hicho siku baada ya siku, umri wao unapungua. Kitambaa kihamie kwenye meza ya kahawa, kitaonekana vizuri zaidi. Na king'amuzi kisibebeshwe deki wala redio juu yake.

Umeme ukikatika, chomoeni waya. Ukirudi, msikimbilie. Subirini dakika chache utulie, kisha mkubwa achomeke. Au tumieni kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri chenyewe kabla ya kupitisha umeme. Wingu la masika likikusanyika na radi ikisikika kwa mbali, mkubwa achomoe mapema waya wa ukutani na ule wa dishi pia, kabla mvua haijafika. Dishi liko nje na waya wake unaingia hadi kwa Diski. Mkisafiri kwenda kijijini wiki mbili, kipumzisheni kwanza kwa rimoti, subirini mvumo unyamaze, ndipo mchomoe.

"Mjomba, na ile mashine ya kamera za getini?"

Hiyo ni nyingine kabisa. Hiyo isizimwe. Kazi yake ni kukesha, na Diski wanaotengenezwa kwa ajili ya kamera wameandaliwa kufanya kazi saa 24.

Basi mimi naamua hivi, na baba na dada wanisikie wote. King'amuzi cha kurekodi kisiachwe kimewashwa usiku kucha, wala kisichomolewe kila siku. Kipumzishwe kwa rimoti. Leo usiku anayekwenda kulala wa mwisho abonyeze kitufe. Nawe, mpwa wangu, kesho mwombe mama ruhusa kwa adabu, ukiondoe kile kitambaa.